Uzi: Jaji anahesabu nini anapopanga adhabu ya kosa kubwa la mtandaoni?

#1 Karani wa Zamani

Wakuu, habari za leo.

Kila ikitoka habari kwamba mdukuzi fulani kahukumiwa, maoni yanagawanyika pale pale. Hawa wanasema kifungo ni kidogo mno, wale wanasema kijana kaonewa, mbona hakumgusa mtu hata unywele. Sioni anayeuliza jaji kafikaje kwenye namba ile. Nimekaa miaka mingi mahakamani nikiandika mwenendo wa kesi, na naweza kuwaambia kuwa siku ya kusoma adhabu ndiyo siku ya hesabu. Kwenye hatia jibu ni ndiyo au hapana. Kwenye adhabu swali ni kiasi gani, na kiasi hakitoki hewani.

Kwa mwizi wa kuvunja milango hesabu ni nyepesi. Usiku mmoja ataingia nyumba mbili, akijitahidi tatu. Kompyuta inazidisha. Mtu anaandika programu jioni, anakwenda kulala, akiamka imeshaingia kwa watu elfu thelathini. Hilo ni kosa moja au elfu thelathini?

Kesi ambayo haijanitoka kichwani ni ya Finland. Kampuni ya tiba ya kisaikolojia, Vastaamo, ilidukuliwa kumbukumbu za wagonjwa wake. Oktoba 2020 mdukuzi akajitokeza akidai Bitcoin 40. Kampuni haikulipa, akageukia wagonjwa mmoja mmoja kwa barua pepe: lipa euro 200, la sivyo yale uliyomwambia mtaalamu wako faraghani yatawekwa hadharani. Wagonjwa walikuwa takribani 33,000. Aprili 2024 mahakama ya mwanzo ilimtia hatiani Aleksanteri Kivimäki, makosa zaidi ya 9,000 ya kusambaza siri za watu na zaidi ya 20,000 ya kujaribu kudai fedha kwa vitisho. Adhabu: miaka 6 na miezi 3.

Nilichukua kikokotoo nikagawanya. Kila mgonjwa anaangukiwa na kama saa moja na dakika arobaini za kifungo.

Kabla hamjarusha mawe: kikomo cha sheria kule kwa mkusanyiko wote huo kilikuwa miaka 7, na waendesha mashtaka wenyewe waliomba hiyo hiyo 7. Kwa hiyo jaji alipanda karibu na dari kabisa. Dari ndiyo iliyokuwa fupi.

Naomba kuwasilisha. Wanasheria mliomo humu, njooni mnisahihishe.

#2 Nyundo

Saa moja na dakika arobaini! Mimi huwa nakaa zaidi ya hapo nikisubiri kumuona daktari. Kila aliyeumizwa ahesabiwe mwaka mmoja, basi. Miaka 33,000. Afie humo.

#3 Kibodi

Nyundo, kwa hesabu yako kijana aliyetuma ujumbe mmoja wa kitapeli kwa orodha ya namba 5,000, halafu wakanasa wawili, naye anakula 5,000?

#4 Nyundo

Ndiyo. Alitaka kuwatapeli wote.

#5 Karani wa Zamani

Hapo Nyundo umegusa jambo bila kujua. Alichotaka na alichopata ni hesabu mbili tofauti, na mahakama zimegombana juu ya hilo hasa.

Marekani wana mwongozo wa adhabu wenye jedwali. Kosa la ulaghai au wizi linaanzia ngazi ya 6 au 7, kisha unapanda kwa kadiri ya hasara: ikizidi dola 6,500 unaongezewa ngazi 2, ikizidi 250,000 unaongezewa 12, ikizidi milioni 550 unaongezewa 30. Na hasara kwao ni ile kubwa kati ya iliyotokea na iliyokusudiwa. Mwaka 2022 mahakama moja ya rufaa, ile ya kanda ya tatu, ilisema neno "hasara" maana yake ni iliyotokea tu, kwa sababu habari ya kukusudia ilikuwa kwenye maelezo ya pembeni na si kwenye kanuni yenyewe. Novemba 2024 tume ya adhabu, wenye mwongozo wao, ikaihamishia ndani ya kanuni. Mjadala ukafungwa kwa kuhamisha sentensi kutoka pembeni kwenda katikati ya ukurasa. Ndiyo sheria hiyo.

Sasa sikilizeni kituko cha kadi. Mwongozo huo huo unasema kila namba ya kadi ya benki iliyoibwa ihesabiwe si chini ya dola 500, hata kama haikutumika. Ukikamatwa na faili lenye namba 1,000 ambazo hujanunulia hata soksi, tayari una hasara ya dola 500,000. Kwa mtu asiye na rekodi aliyeanzia ngazi ya 7, ambayo ni miezi 0 hadi 6, faili hilo peke yake linampandisha hadi ya 19, yaani miezi 30 hadi 37, kabla ya marekebisho mengine yote. Faili dogo kuliko picha moja ya simu.

Niongeze kwamba tangu 2005, baada ya uamuzi wa kesi ya Booker, mwongozo huo ni ushauri tu. Jaji lazima aupige hesabu, halafu yuko huru kwenda chini au juu mradi aeleze sababu.

#6 Kibodi

Mkuu Karani, nakubali, lakini hizo zote ni hesabu za fedha. Nia je? Mimi ni mwandika programu. Robert Morris, Novemba 1988, aliachia mnyoo, yaani programu ya kujisambaza yenyewe, kwenye intaneti ilipokuwa bado changa, ukaziba mashine maelfu. Aliyemjua anasema alitaka kuona programu inaweza kusambaa kiasi gani, akakosea mahali, ikajinakili kupita kiasi. Hakuiba senti. Huyo unamweka kundi moja na muuza kadi?

#7 Karani wa Zamani

Hawakumweka. Kesi ya Morris ni somo zuri kwa sababu nia ilihesabika mahali pamoja na haikuhesabika pengine. Kwenye hatia, mahakama ya rufaa mwaka 1991 ilisema upande wa mashtaka haukuwa na haja ya kuthibitisha kuwa alikusudia kuharibu. Ilitosha kwamba alikusudia kuingia asikoruhusiwa. Kwa hiyo "sikutaka kuharibu" haikumuokoa. Lakini kwenye adhabu ilimsaidia mno: kifungo cha nje miaka 3, saa 400 za kazi za jamii na faini ya dola 10,050. Hakulala jela.

Uingereza wao wanaanza na maswali mawili: lawama na madhara. Lawama ni akili iliyokuwa nyuma ya kitendo, kama ulipanga, uliongoza wenzako au ulisukumwa. Madhara ni kilichowapata watu. Unaweza kuwa na lawama ndogo na madhara makubwa, kama Morris, au lawama kubwa na madhara madogo, kama yule anayejaribu kuzima mitambo ya hospitali akashindwa kwa sababu nywila ilibadilishwa jana yake. Vinapimwa vyote viwili, ndipo unapata pa kuanzia. Kuanzia tu. Baada ya hapo ndipo mambo ya mtu mwenyewe yanaingia.

#8 Msaidizi wa Wakili

Naweka kambi hapa. Mkuu Karani umeeleza vizuri, ila kuna kitu kikubwa kuliko nia na fedha umekiruka: nani alisema nini, na alisema lini.

Wakuu, linganisheni watu wawili. Hector Monsegur, aliyejiita Sabu, na Jeremy Hammond. Kundi moja la wadukuzi, kipindi kimoja, na jaji aliyewahukumu ni yule yule, Loretta Preska wa New York. Novemba 2013 Hammond alipewa miaka 10 kwa kudukua kampuni ya Stratfor. Mei 2014 Sabu, ambaye kwa mwongozo alikuwa anatazama miezi 259 hadi 317, yaani zaidi ya miaka 21, akaambiwa miezi 7 aliyokwisha kukaa inatosha, nenda nyumbani. Tofauti kubwa: Sabu alikamatwa Juni 2011 akageuka siku ile ile. Serikali ikamwandikia jaji barua ndefu kwamba Sabu aliwasaidia kuzuia mashambulizi yasiyopungua 300.

Nisiwe mwongo, Hammond alikuwa na rekodi. Aliwahi kufungwa miaka 2 mwaka 2006 kwa udukuzi. Rekodi nayo inahesabika. Lakini rekodi haielezi pengo la kutoka miezi 7 hadi miaka 10.

#9 Nyundo

Kwa hiyo anayewauza wenzake ndiye anayepona. Safi sana.

#10 Msaidizi wa Wakili

Ndugu yangu, makosa ya mtandaoni yanafanywa na watu wasiojuana sura, wanajuana majina ya bandia. Bila wa ndani kusema, polisi wanabaki wakiangalia anwani za seva tu. Mahakama inanunua taarifa, na sarafu yake ni miezi.

Na biashara hiyo ina hasara zake. Albert Gonzalez alikuwa mtoa habari wa vyombo vya usalama vya Marekani tangu 2003, analipwa kabisa, na huku nyuma anaongoza wizi wa namba za kadi kwa mamilioni. Machi 2010 akapewa miaka 20 kwenye kesi ya kwanza. Kesho yake, mahakama ya pili ikampa miaka 20 na siku moja. Zikaenda pamoja.

#11 Kibodi

Hiyo siku moja imenichekesha. Sasa "zinakwenda pamoja" ndiyo nini hasa? Kila siku nasikia.

#12 Karani wa Zamani

Ndiyo jibu la swali langu la elfu thelathini, Kibodi. Ukitiwa hatiani kwa makosa matatu, kila moja miaka 5, jaji anaweza kusema zifuatane, ukakaa 15, au ziende pamoja, ukakaa 5. Makosa yaliyotoka kwenye kitendo kimoja kwa kawaida yanakwenda pamoja. Halafu jaji anarudi nyuma hatua moja, anaangalia jumla, anajiuliza kama namba nzima inalingana na alichokifanya huyu mtu. Ndiyo maana kwa nchi nyingi huoni miaka 33,000 ya Nyundo. Hata pale sheria inaporuhusu kujumlisha, kwa kawaida jumla inatakiwa ibaki na maana kwa maisha ya binadamu mmoja.

Na kukiri kosa usikusahau. Uingereza ukikiri mapema kabisa unapunguziwa theluthi. Ukichelewa kidogo, robo. Ukikiri siku kesi inaanza kusikilizwa, moja ya kumi. Nimewaona mawakili wakitazama saa kama wanasubiri basi la mwisho. Daniel Kaye, aliyekodiwa kuangusha mtandao wa kampuni ya simu ya Lonestar huko Liberia mwaka 2016, alikiri, na Januari 2019 akapewa miaka 2 na miezi 8.

Kwa anayesema ni kidogo: kumbuka kuendesha kesi hizi ni ghali. Vielelezo vinakaa kwenye seva za nchi tatu, wataalamu wanatoa ushahidi wiki nzima, na mashahidi ni watu ambao wangetamani siri zao zisitajwe tena. Theluthi ile ni malipo ya kuwaondolea hayo.

#13 Mpita Njia

Wale vijana watatu wa Mirai je? Walitengeneza kirusi kilichoteka kamera na vifaa vya nyumbani dunia nzima. Nilisikia hawakufungwa hata siku moja. Wasomi hao.

#14 Karani wa Zamani

Ni kweli, waliachiwa.

#15 Msaidizi wa Wakili

Hapana mkuu, hapo naomba nikurekebishe, "waliachiwa" si neno lake. Septemba 2018, Alaska, kila mmoja alipewa kifungo cha nje miaka 5, saa 2,500 za kazi za jamii na fidia ya dola 127,000. Kazi za jamii zenyewe zikawa kuwasaidia wapelelezi wa makosa ya mtandao, kazi waliyokuwa wameshaianza kabla ya adhabu. Na mmoja wao, Paras Jha, alikuwa na kesi ya pili New Jersey kwa kuangusha mtandao wa chuo kikuu alichosoma. Kule akapata miezi 6 ya kufungiwa nyumbani na fidia ya dola milioni 8.6. Piga hesabu utamaliza kulipa lini.

#16 Karani wa Zamani

Nimepokea. Huo ndio uzuri wa kuwaita wanasheria.

#17 Kibodi

Marcus Hutchins je? Aliyeizima WannaCry, ile programu ya kufunga mafaili ya watu na kudai fedha, Mei 2017, halafu akakamatwa kwa programu hasidi aliyoiandika akiwa kijana mdogo.

#18 Karani wa Zamani

Alikiri makosa mawili, kila moja hadi miaka 5. Julai 2019 jaji akasema muda aliokwisha kushikiliwa unatosha, na mwaka mmoja wa uangalizi. Umri alipofanya, kwamba aliacha mwenyewe kabla ya kukamatwa, na faida aliyoileta baadaye, vyote viliwekwa kwenye mizani. Binafsi naona ni adhabu ya haki kuliko nyingi nilizozitaja humu. Lakini mnaweza kunibishia, maana aliyeibiwa na programu ile hakurudishiwa chochote na WannaCry kuzimwa.

Umri na afya ya akili vinajitokeza mno kwenye kesi hizi kwa sababu washtakiwa wengi ni vijana wa chumbani. Desemba 2023 Uingereza kijana wa miaka 18 wa kundi la wadukuzi la Lapsus$ hakufungwa jela, alipelekwa hospitali salama bila kikomo cha muda, atoke pale tu madaktari watakaporidhika. Kuna waliosherehekea kuwa "amekwepa jela". Mimi afadhali nipewe tarehe ya kutoka.

#19 Nyundo

Haya, mmeongea upole sana. Ross Ulbricht naye? Mwenye soko la mtandaoni la dawa za kulevya. Waliouza pale karibu wote ni watu wengine, yeye kazi yake kubwa ilikuwa tovuti, akapigwa maisha.

#20 Msaidizi wa Wakili

Nyundo leo umekuwa wakili wa utetezi?

#21 Nyundo

Nauliza tu. Kivimäki aliumiza 33,000, miaka sita. Huyu kajenga soko, maisha bila nafasi ya kutoka mapema. Hesabu gani hiyo?

#22 Karani wa Zamani

Swali la haki kabisa, na nimelifikiria kwa miaka.

Kwanza, Mei 2015 hakuhukumiwa kama mdukuzi tu. Kati ya makosa yake lilikuwamo la kuongoza genge la uhalifu linaloendelea, ambalo peke yake lina kima cha chini cha miaka 20. Jaji hakuwa na ruhusa ya kushuka chini ya hapo hata angetaka. Watu wanasahau kwamba jina la kosa huchaguliwa na mwendesha mashtaka, na jina hilo likishabeba kima cha chini, nusu ya adhabu imeshaamuliwa kabla jaji hajafungua faili.

Pili, siku ya adhabu walisimama wazazi ambao watoto wao walikufa kwa dawa zilizonunuliwa pale. Utetezi ulipinga vifo hivyo visihesabiwe kwake. Vikahesabiwa.

Tatu, na hapa ndipo panaponikera. Yalikuwapo madai kwamba alilipa watu wauawe. Hakuna aliyeuawa, na kwenye kesi ile hakushtakiwa kwa kosa hilo. Lakini kwenye adhabu jaji aliyazingatia, kwa sababu Marekani kipimo cha siku ya adhabu si "bila shaka yoyote", ni "inaelekea zaidi kuwa kweli". Rufaa ya 2017 ikakubali. Kitu ambacho hukushtakiwa nacho kinaweza kuingia kwenye namba yako. Kisheria ni sawa, lakini mimi kama karani mkono wangu ungesita kuandika.

Nne, alionekana kama wa kwanza wa aina yake, na mahakama ikataka wengine waone. Masoko ya namna ile yaliendelea kufunguliwa. Beccaria, mwanafalsafa wa sheria wa Italia, aliandika mwaka 1764 kwamba kinachomzuia mtu ni uhakika wa kukamatwa kuliko ukali wa adhabu, na mtandaoni uhakika huo ndio mwembamba kuliko kote.

Na Januari 2025 Rais Trump akamsamehe. Kurasa zote zile za hesabu, na sahihi moja.

#23 Mpita Njia

Kuna wanaokatazwa kutumia kompyuta kabisa wakitoka. Hiyo bado ipo?

#24 Kibodi

Mdukuzi Kevin Mitnick alitoka jela Januari 2000, akakaa miaka mitatu bila kuruhusiwa kugusa intaneti. Leo ukimkataza mtu intaneti atalipiaje umeme?

#25 Msaidizi wa Wakili

Ipo ila imebana. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani, kesi ya Packingham, ilifuta sheria ya jimbo iliyowazuia wote waliowahi kuhukumiwa kwa makosa ya ngono kuingia mitandao ya kijamii. Baadhi ya mahakama sasa zinataka masharti yalenge, kama vile kifaa kukaguliwa au akaunti fulani tu kuzuiwa.

Na kwa wale wa picha za watoto wanaodhulumiwa, naona hamjawagusa. Pale utetezi wa "nilitazama tu" hauna soko. Mwaka 2014, kesi ya Paroline, mahakama hiyo hiyo ilisema kila anayekutwa na picha anamlipa mtoto aliyedhulumiwa fidia inayolingana na sehemu yake ya madhara, hata kama watazamaji wengine ni maelfu.

#26 Mama Wawili

Samahani wakuu, nimesoma uzi wote kimya kimya. Mimi siko upande wa wanasheria. Mimi ni yule wa elfu thelathini.

Kuna mtu aliingia kwenye akaunti yangu, akachukua picha zangu, akanidai fedha. Nililipa mara mbili kisha nikaenda polisi. Amepatikana, amekiri. Nimepigiwa simu niandike maelezo ya madhara kwa ajili ya siku ya adhabu. Nimekaa na karatasi siku nne. Kiasi nilicholipa ni kidogo, hata aibu kukitaja. Nikisoma hapo juu mambo ya mamilioni ya dola naona mimi sina cha kuhesabu.

#27 Karani wa Zamani

Dada, pole sana. Unacho, tena kingi.

Fedha uitaje hata kama ni ndogo, weka na risiti za muamala. Halafu iache hapo. Sehemu inayobaki andika kwa tarehe: lini ujumbe wa kwanza ulikuja, usiku ngapi hukulala, siku ngapi hukwenda kazini, lini ulibadili namba, nani uliacha kuongea naye kwa kuogopa kuwa kaona. Kama ulikwenda kwa daktari, ambatanisha karatasi. Kama watoto waliuliza kwa nini mama anashtuka simu ikilia, liandike kama walivyolisema. Nimeandika mwenendo wa kesi nyingi, na maelezo yanayomfanya jaji aweke kalamu chini si ya "niliumia sana". Ni ya "tangu Machi nafunika kamera ya simu kwa plasta".

Usimwambie jaji ampe miaka mingapi, hiyo ni kazi yake. Wala usimtukane mshtakiwa, wakili wake atalitumia.

#28 Nyundo

Dada pole. Mimi niliyetaka miaka 33,000, nakuombea.

#29 Msaidizi wa Wakili

Niongeze: uliza kama unaruhusiwa kuyasoma mwenyewe au yasomwe kwa niaba yako, na kama jina lako litafichwa. Uliza leo, usisubiri siku yenyewe.

#30 Mama Wawili

Asanteni. Nimeanza na tarehe kama ulivyosema kaka Karani. Ukurasa wa kwanza umejaa na bado sijatoka kwenye wiki ya pili.